Vitamini nayo ni dawa, haina budi kupimwa

Mgonjwa haulizwi uji. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, nasi watu wa Pwani tumeishika methali hiyo barabara. Anapougua mtu katika kijiji chochote, kuanzia Waa hadi Vanga, jamaa na majirani hawamwendei mikono mitupu. Huyu huja na madafu, yule na machungwa, mwingine na uji wa mtama. Hakuna anayesubiri kuombwa, wala hakuna anayeuliza kama uji huo utamponya. Huo ni utu, na utu hauhitaji ithibati.

Hata hivyo, siku hizi katika vikapu tunavyopeleka hospitalini kumeongezeka kitu ambacho wahenga hawakukijua, nacho ni chupa ya vitamini. Hiyo nayo tunaitia katika hukumu ile ile ya uji. Je, tuko sawa?

Miaka michache iliyopita mjomba wangu alilazwa katika hospitali moja ya Pwani akiwa mahututi. Homa ya mapafu ilikuwa imemshika, maambukizi yakaenea mwilini, akawa anaweweseka na kumeza uji kwa taabu kubwa. Siku ya pili jamaa mmoja aliwasili kutoka Ukunda na chupa iliyopambwa kwa picha za matunda. Alikuwa ameuziwa kwa maelezo kwamba yaliyomo humrejeshea mgonjwa nguvu za kupigana na maradhi yoyote. Bei yake ilishinda nauli za sote tuliokuwa tukienda na kurudi kumtazama mgonjwa kwa wiki nzima. Mkaza mjomba alitaka kumpa papo hapo. Mimi nikasita, nikapendekeza tumuulize daktari kwanza. Ndipo mwanafunzi wangu mmoja, ambaye alikuwa ameandamana nami, aliponiuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hata isipomfaa, itamdhuru nini? Si vitamini tu?"

Nilikuwa nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na bado sikuwa na jibu la kumpa. Makala haya ni jibu la swali lile, nami naomba radhi kwa kulichelewesha.

Hebu tuanze na kisa cha papa hapa Pwani. Mnamo Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na mabaharia waliodhoofishwa na kiseyeye, ugonjwa unaovimbisha ufizi na kumtoa mtu damu, mwisho ukamuua. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni hao kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Mabaharia wakapata nafuu. Lakini aliyeiandika safari hiyo hakuyasifu machungwa. Alimshukuru Mungu, kisha akasema kuwa hewa ya Mombasa ni nzuri mno.

Tusimcheke. Watu wale walikuwa wamebadilisha mambo mengi kwa mpigo: walipata hewa ya nchi kavu, nyama mbichi, mapumziko na matunda. Ni lipi kati ya hayo lililowaponya? Kwa macho matupu hakuna awezaye kujua. Ilipita karibu miaka 250 kabla ya tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, kufanya jambo jepesi ambalo mwanafunzi yeyote angeweza kulibuni. Mwaka 1747 aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawalisha chakula kimoja, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Jozi moja ilipewa siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau. Katika siku chache waliokula matunda walikuwa wamepata nafuu inayoonekana, ilhali wenzao walikuwa bado wagonjwa.

Msingi wa majaribio yote ya tiba ni huo: walinganishe wanaopata na wasiopata, wakiwa katika hali moja na kwa wakati mmoja. Wataalamu wa leo wameongeza masharti mawili. La kwanza ni kwamba mgonjwa aingie kundi hili au lile kwa kura, ili tabibu asije akawapendelea wenye nafuu. La pili ni kwamba, inapowezekana, pasiwe na anayejua ni nani aliyepewa dawa na ni nani aliyepewa kidonge kitupu, kwa kuwa matumaini nayo hupotosha macho.

Sasa tutazame vitamini zilivyofanya katika mizani hiyo, tukianza na habari njema. Katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa ukambi walihusishwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1987. Watoto 88 walipewa vitamini A kwa wingi, na 92 wakapewa matibabu ya kawaida tu. Katika kundi la kwanza walifariki sita, katika la pili 12. Idadi hiyo ilikuwa ndogo, na huenda tofauti yenyewe ingetokana na bahati tu. Lakini mwaka 1990 jaribio jingine la Cape Town, Afrika Kusini, lilitoa jibu la namna hiyo hiyo: kati ya watoto 189 wenye ukambi mkali, walifariki 12, na kumi kati yao walikuwa katika kundi ambalo halikupata vitamini. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeagiza kuwa mtoto mwenye ukambi apewe vitamini A siku mbili mfululizo. Basi mtu asije akasema kwamba vitamini haziwezi kuokoa maisha. Zimekwisha kuyaokoa, na ushahidi mmojawapo ulipatikana katika hospitali ya misheni ya jirani zetu.

Habari ya pili inatoka Dar es Salaam, nayo ina tamu na chungu. Katikati ya miaka ya tisini, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa hazijawafikia wananchi wa kawaida, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapima wanawake wajawazito 1,078 walioishi na virusi hivyo. Baadhi walipewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E. Baadhi vitamini A. Baadhi vyote viwili. Na wengine kidonge kitupu. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kuwa miongoni mwa waliopata mchanganyiko ule mimba 30 ziliharibika au watoto kuzaliwa wafu, dhidi ya 49 miongoni mwa wenzao. Mwaka 2004 ilidhihirika pia kuwa mchanganyiko huo ulichelewesha makali ya ugonjwa kwa akina mama wenyewe. Hiyo ndiyo tamu.

Chungu ilikuwa katika vitamini A, ile ile iliyowaokoa watoto wa Mvumi. Watoto wa akina mama waliopewa vitamini hiyo waliambukizwa virusi kwa kiwango cha asilimia 34.2 kufikia umri wa miaka miwili. Wa akina mama ambao hawakupewa, asilimia 25.4. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002. Yaani kitu ambacho kila mtu aliamini kuwa hakina madhara kiliongeza hatari kwa watoto waliokuwa wakikingwa. Lau watafiti hawangekuwa na kundi la kulinganisha, hakuna mtu ambaye angegundua. Kila mtoto aliyeambukizwa angehesabiwa kuwa bahati mbaya, na chupa ingeendelea kugawanywa kwa nia njema.

Mambo hayakukomea hapo. Dawa za kupunguza makali zilipokuja, watafiti walitaka kujua kama vitamini kwa vipimo vikubwa zingewafaa wagonjwa wanaozitumia. Wagonjwa 3,418 wa Dar es Salaam waligawanywa: nusu wakapewa vipimo vikubwa, nusu vipimo vya kawaida. Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa vipimo vikubwa havikuleta faida yoyote ya ziada na damu za waliovitumia zilionyesha dalili za ini kudhurika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Wakati huo, kusini mwa bara letu, daktari Mjerumani aitwaye Matthias Rath alikuwa akitangaza vitamini zake kuwa tiba ya UKIMWI na kuwatisha watu dhidi ya dawa zenyewe, huku akiutaja utafiti wa Dar es Salaam kuwa shahidi wake. Watafiti walimkana hadharani mwaka 2005, wakaeleza kuwa vitamini ni msaada wala si badala ya dawa. Mnamo Juni 2008 Mahakama Kuu ya Cape iliamua kuwa majaribio aliyoyafanya kwa wakazi wa vitongoji yalikuwa kinyume cha sheria, ikayapiga marufuku matangazo yake. Tunaona basi jinsi ukweli wa nusu unavyoweza kubebwa kutoka maabara hadi sokoni, na ukifika huko ukageuka kuwa uongo kamili.

Wapo watakaosema kuwa hayo yote si habari za wagonjwa mahututi, kama mjomba wangu alivyokuwa. Haya, na tuingie katika wadi hiyo. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali moja mjini Norfolk, jimbo la Virginia nchini Marekani, walitangaza kwamba wagonjwa 47 wenye maambukizi yaliyoenea mwilini, waliotiwa mshipani vitamini C pamoja na dawa nyingine mbili, walifariki kwa kiwango cha asilimia 8.5 tu. Katika wagonjwa 47 waliotibiwa kabla yao bila mchanganyiko huo, asilimia 40.4 walifariki. Ulimwengu ulishangilia. Vitamini C ni rahisi, inapatikana kila mahali, na nani asingependa muujiza wa bei ya chini?

Lakini mwanafunzi makini atakuwa amekwisha kuona ufa. Wagonjwa hao hawakupigiwa kura. Walilinganishwa na watu wa kipindi kingine, na kati ya kipindi na kipindi mambo mengi hubadilika, kama yalivyobadilika kwa mabaharia wa Mombasa. Majaribio ya kura yalipofanyika, muujiza uliyeyuka. Lile lililochapishwa mwaka 2022, la wagonjwa 872, lilionyesha kuwa asilimia 44.5 ya waliotiwa vitamini C walifariki au viungo vyao vilikuwa bado vimelemaa siku ya 28. Waliopewa kimiminika kitupu walikuwa asilimia 38.5. Kwa maneno mengine, hali ya waliopata vitamini ilikuwa mbaya zaidi.

Afrika Mashariki nayo imejipimia yenyewe. Katika hospitali za Uganda na Malawi, watoto 3,983 waliolazwa na upungufu mkubwa wa damu walihusishwa katika jaribio lililoongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye kituo chake cha kazi ni Kilifi, jirani zetu wa kaskazini. Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa, moja lilikuwa hili: je, mtoto akipewa mchanganyiko wa vitamini na madini kwa miezi mitatu, badala ya dawa ya kawaida ya madini ya chuma na foliki, atakuwa na nafasi bora ya kuishi? Baada ya siku 180 jibu lilikuwa kwamba mchanganyiko huo haukupunguza vifo.

Profesa huyo ndiye aliyeongoza jaribio jingine ambalo kila mwalimu wa sayansi wa Pwani angepaswa kulifahamu. Watoto 3,141 waliofikishwa mahututi katika hospitali za Kilifi, za Uganda, na ile ya Teule, Muheza, ng'ambo ya mpaka wetu wa Lungalunga, walipigiwa kura: baadhi watiwe maji mengi mshipani kwa haraka, kama vitabu vya tiba vilivyoelekeza, na baadhi wasitiwe maji hayo ya haraka. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliotiwa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakutiwa. Maji tu! Kama maji, yakitiwa mwilini mwa mahututi kwa kipimo na kasi isiyofaa, yanaweza kuua, seuze kitu chenye nguvu ya dawa?

Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wangu. Mwili wa mtu mzima wa afya una njia za kukitoa kinachozidi. Mwili wa mahututi uko ukingoni: figo zimechoka, ini limeelemewa, moyo unajikongoja. Kwa mwili wa namna hiyo hakuna kitu kiitwacho "tu". Mgonjwa aliyepungukiwa na vitamini fulani, daktari akalibaini pengo hilo na kuliziba, hufaidika. Ndiyo maana maziwa maalumu wanayopewa watoto wenye utapiamlo hospitalini huwa yametiwa vitamini na madini kwa kipimo. Lakini kuziba pengo ni jambo moja, na kumimina katika mtungi uliojaa ni jambo jingine.

Najua kuna msomaji anayenong'ona: "Kumbe mwalimu anataka tufanywe panya wa majaribio!" Shaka hiyo naielewa, na si ya kubezwa. Mzazi anayekimbiza mtoto kutoka Kinango au Lungalunga hadi Msambweni, akaambiwa kwamba mtoto wake atapigiwa kura, ana haki ya kushtuka. Tena idhini inayotolewa na mtu anayelia ni idhini yenye kasoro. Katika jaribio lile la maji, wazazi waliokuwa katika taharuki waliombwa kwanza ridhaa fupi ya mdomo, kisha wakaelezwa mambo kwa ukamilifu hali ilipotulia. Wengine watasema hiyo haitoshi, na mjadala huo ni halali. Kila jaribio sharti lipitiwe na kamati ya maadili, lielezwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, iwe Kiswahili, Kidigo au Kiduruma, na matokeo yake yarudishwe kwa waliojitolea, badala ya kuishia katika majarida ya ng'ambo.

Lakini tukumbuke pia kwamba sisi wa Kwale tumekwisha kuona faida yake. Mwaka 2023 vijiji vyetu vilishiriki katika jaribio la ivamektini, dawa inayomfanya mbu afe baada ya kumuuma aliyeimeza. Baadhi ya makundi ya kaya yalipewa dawa hiyo mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mengine yalipewa albendazoli, dawa ya minyoo tunayoifahamu sote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa watoto wa miaka mitano hadi 15 katika kundi la ivamektini walipungukiwa na maambukizi mapya ya malaria kwa asilimia 26. Dunia nzima inazinukuu tarakimu hizo, nazo zilitoka katika vidole vya watoto wa Kwale. Je, ni walimu wangapi wa wilaya zetu wamewahi kuziandika ubaoni?

Isitoshe, anayetuuzia chupa isiyopimwa naye anatufanyia majaribio. Tofauti ni kwamba yeye haombi idhini, hana kundi la kulinganisha, haandiki matokeo, na gharama tunailipa sisi.

Nawasihi walimu wenzangu, hasa wa sekondari ya msingi, wasiifundishe sayansi kama orodha ya majina ya vitamini na magonjwa yake. Wapandisheni wanafunzi matuta mawili ya mchicha, moja litiwe samadi na jingine lisitiwe, kwa udongo na maji yale yale, na tuta la kutiwa samadi lichaguliwe kwa kurusha sarafu. Anayeelewa matuta hayo ameielewa Mvumi, ameielewa Dar es Salaam na ameielewa Kilifi. Nanyi wanafunzi, mtu akiwajia na tiba, muulizeni maswali matatu: Imelinganishwa na nini? Kwa watu wangapi? Na waliodhurika ni wangapi? Asipoyajibu, mrudishieni chupa yake kwa adabu.

Vitamini zenyewe tusizichukie. Zimo katika papai la uani, katika mchicha, embe, pera na dagaa, na mahali pake pa kwanza ni sahani ya mtu mzima wa afya. Mtoto naye apelekwe zahanati apewe matone yake ya vitamini A kila miezi sita, kwa kuwa huo ni mpango uliopimwa.

Na mjomba je? Alipona. Nilipokwenda nyumbani siku ile, mkaza mjomba alimnywesha yaliyomo katika chupa ile kwa siri, kijiko baada ya kijiko, na siku ya tano mgonjwa akaomba chakula. Hadi leo mjomba huisifu chupa hiyo barazani, na sindano za kuua vijidudu alizochomwa kila baada ya saa chache hazitaji kabisa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye maradhi yale yale, naye alipona bila chupa yoyote. Sisemi kwamba huo ni ushahidi, maana watu wawili hawatoshi kuthibitisha lolote. Nilijaribu kumweleza hayo, akanitazama kwa huruma na kuniambia: "Mwanangu, mimi si niko hapa?"

Yupo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, kama alivyoshukuru yule mwandishi wa merikebu katika hewa nzuri ya Mombasa. Ila wapo wengine waliokunywa chupa ile ile na hawapo barazani kutusimulia. Mgonjwa na aendelee kupewa uji bila kuulizwa. Chupa ndiyo tuiulize.